Namna ya kupaka mafuta ya kunukia ya mimea kwenye chakula cha perege: mwongozo kwa wafugaji wa Lindi na Mtwara

Mara ya kwanza nilipotia mafuta ya karafuu katika chakula cha samaki, kiambo kizima kilinukia na samaki hawakuambulia kitu. Nilikuwa nimeyachanganya mafuta hayo katika donge bichi la chakula, nikalipitisha kwenye kinu cha kusagia nyama, kisha nikazianika punje juu ya turubai kwa siku mbili katika jua la Nyangao, ambalo msomaji wa Mtama au Ndanda hahitaji kuelezewa. Harufu ile iliyowafurahisha majirani ilikuwa ndiyo fedha yangu inayopaa. Mara ya pili nilikosea kwa upande mwingine: nilimimina mafuta kwa kukisia kwa kizibo cha chupa, yakazidi, na perege wakawa wanapanda juu, wanazipokea punje, kisha wanazitema. Mwongozo huu nimeuandika ili mfugaji mwenzangu asirudie makosa hayo mawili, kwa sababu kazi yote ya mafuta haya ipo katikati yake: yasipotee kabla ya kufika kinywani mwa samaki, na yasizidi yanapofika.

Mafuta tunayoyazungumzia

Mafuta ya kunukia si mafuta ya kupikia. Mafuta ya alizeti, ya ufuta au ya nazi ni chakula, yana nguvu ya kuujenga mwili na hayaruki hewani. Mafuta ya kunukia hukenekwa, yaani hutolewa kwa mvuke, kutoka katika majani, maganda, magome au maua ya mimea, na kila aina ina kemikali yake kuu: karafuu ina eujenoli, mchaichai una sitrali, maganda ya machungwa yana limonini, gome la mdalasini lina sinamaldehidi, na zaatari ina timoli na kavakroli. Nyingi kati ya kemikali hizi huushambulia utando unaoizunguka seli ya bakteria, hata seli ikaanza kuvuja na kufa, na hiyo ndiyo sababu watafiti waliyaangalia mafuta haya kwa jicho jipya baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku, kuanzia 1 Januari 2006, matumizi ya antibiotiki kama kichocheo cha kukuza mifugo. Hofu iliyoleta marufuku hayo ni usugu wa dawa: bakteria wakizoea dozi ndogo za kila siku, dawa ile ile hushindwa siku inapohitajika, kwa mnyama na kwa binadamu.

Katika majaribio mengi yaliyofanywa kwa perege na samaki wengine wa kufugwa, mafuta haya yakitiwa kwa kiasi kidogo yameonekana kuchochea hamu ya kula, kusaidia umeng'enyaji, na kuwafanya samaki wastahimili zaidi mashambulizi ya bakteria kama wa jamii ya Aeromonas na Streptococcus. Si majaribio yote yaliyotoa jibu hilo. Mafuta ya mmea mmoja hubadilika kwa udongo, kwa msimu wa mavuno na kwa namna yalivyokenekwa, kwa hiyo chupa mbili zenye jina moja zaweza kuwa vitu viwili tofauti. Ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu kujipimia mwenyewe katika bwawa lako, badala ya kuamini lebo, au kuniamini mimi.

Hatua ya kwanza: kagua bwawa kabla ya kununua chupa

Amka alfajiri, kabla jua halijatoka, ukasimame kando ya bwawa. Ukiwakuta samaki wako juu ya maji wakihema kwa midomo wazi, tatizo lako ni upungufu wa hewa ya oksijeni, na hakuna mafuta ya mmea wowote yatakayolitatua. Punguza mbolea, punguza chakula, ingiza maji mapya, kisha rudi kwenye mwongozo huu baada ya wiki kadhaa.

Chakula chenyewe nacho kikaguliwe. Perege anayekuzwa anahitaji chakula chenye protini ya takriban asilimia 28 hadi 32, na vifaranga wanahitaji zaidi ya hapo. Anayelisha pumba za mahindi peke yake hana sababu ya kutafuta mafuta ya kunukia. Fedha hiyo aipeleke kwenye dagaa na mashudu. Sisi wa kusini tuna ufuta, na mashudu yake ni mazuri, ila yana upungufu wa laisini, kirutubisho ambacho unga wa dagaa unacho kwa wingi, kwa hiyo viwili hivi viende pamoja. Mashudu ya karanga yaliyovunda au kuota ukungu yatupwe bila huruma, kwa kuwa sumukuvu huharibu ini la samaki, na harufu nzuri ya mchaichai itakuwa imeificha tu.

Hatua ya pili: chagua mafuta

Kwa anayeanza ningependekeza mchaichai. Unaota karibu kila ua wa nyumba, watu wanauzoea katika chai, na mafuta yake hayana ukali wa karafuu. Mafuta ya karafuu kutoka Unguja na Pemba hupatikana kwa urahisi na yana nguvu dhidi ya bakteria, lakini yanataka mkono mwepesi: eujenoli iliyomo ndani yake ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na wataalamu kuwalaza samaki usingizi wakati wa kuwapima. Kwa sababu hiyo mafuta ya karafuu hayamiminwi kamwe moja kwa moja katika maji ya bwawa. Maganda ya machungwa, tangawizi na kivumbasi navyo hutoa mafuta yanayojaribiwa, ila kivumbasi kinachoota porini kina tabia ya kubadilika sana: mmea wa huku waweza kujaa timoli na wa kule ukajaa eujenoli, ingawa kwa macho ni ndugu.

Kila ninapoeleza jambo hili hutokea mtu akauliza kuhusu mafuta ya maganda ya korosho, maana maganda tunayo na yanaua wadudu. Jibu langu ni hapana. Yale si mafuta ya kunukia. Ni utomvu mzito wenye asidi, unaochubua ngozi ya wabanguaji, na viwandani hutumika kutengenezea rangi na vitambaa vya breki. Usiutie katika chakula cha samaki.

Unaponunua, dai mafuta yasiyochanganywa, yaliyofungwa katika chupa ya kioo cha rangi nyeusi au kahawia. Kipimo cha nyumbani ni karatasi nyeupe: dondosha tone moja, liache hadi kesho yake. Mafuta halisi ya mchaichai au machungwa huruka na kuacha alama hafifu sana, lakini yaliyoongezwa mafuta ya kupikia huacha doa la mafuta linaloonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga. Mafuta ya karafuu huchukua muda mrefu zaidi kukauka, kwa hiyo yasihukumiwe mapema.

Kukeneka mwenyewe kunawezekana. Majani hulazwa juu ya chekecheo ndani ya sufuria yenye maji chini, mvuke hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji baridi, na mafuta mepesi kama ya mchaichai huelea juu ya maji yanayodondoka. Kilo 100 za majani mabichi ya mchaichai hutoa kati ya gramu 200 na 500 hivi za mafuta, basi usitegemee chupa iliyojaa kutoka katika kapu moja. Mtambo wenyewe kwa sura hauna tofauti kubwa na wa gongo, na ni busara kumweleza mwenyekiti wa kitongoji mapema kabla moshi haujamweleza. Weka watoto mbali, na chombo cha kukingia mafuta kikae mbali na moto, kwa kuwa mafuta haya hushika moto upesi.

Hatua ya tatu: pima

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Anza na nusu gramu ya mafuta ya kunukia kwa kila kilo moja ya chakula kikavu. Ukiona samaki wanakula vizuri kwa wiki mbili, waweza kupanda hadi gramu moja. Yapo majaribio yaliyopanda juu zaidi, lakini kwa mtu asiye na maabara sioni faida ya kwenda huko: gharama inaongezeka kwa uhakika, na faida haina uhakika.

Kwanza tafuta kiasi cha chakula cha wiki. Chukua mfano wa bwawa la mita za mraba 200 lenye perege 600, na wastani wa uzito wa kila samaki ni gramu 100. Uzito wote ni kilo 60. Kwa kiwango cha asilimia 3 ya uzito kwa siku, unalisha kilo 1.8 kwa siku, yaani kilo 12.6 kwa wiki. Kwa nusu gramu kwa kilo unahitaji gramu 6.3 za mafuta kwa wiki nzima, ambazo kwa mafuta ya mchaichai ni takriban mililita 7. Kumbuka kwamba mafuta ya mchaichai ni mepesi kuliko maji, ilhali ya karafuu ni mazito kuliko maji. Kwa karafuu gramu hizo hizo ni mililita 6 tu.

Mwenye mizani ya sonara apime kwa gramu. Asiye nayo atumie bomba la sindano la mililita 5 au 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Usihesabu matone, kwa sababu ukubwa wa tone hutegemea mdomo wa chupa na aina ya mafuta, na usipime kwa kizibo kama nilivyofanya mimi.

Hatua ya nne: paka, usikande

Mafuta ya kunukia hayatiwi katika donge, hayapitishwi kwenye moto na hayaanikwi juani. Yanapakwa juu ya punje ambazo tayari zimekauka na kupoa, ziwe umezitengeneza mwenyewe au umezinunua. Hata chakula cha kuelea cha dukani hupakwa kwa njia hii hii.

Kwa kuwa nusu gramu haiwezi kuenea katika kilo nzima ya punje, inahitaji kubebwa. Mbebaji ni mafuta ya alizeti au ya ufuta, mililita 10 kwa kila kilo ya chakula. Kwa mfano wetu wa kilo 12.6 hiyo ni mililita 126. Yamimine mafuta ya kupikia katika chupa ya kioo, ongeza mililita 7 za mafuta ya mchaichai, funga na utikise kwa dakika mbili au tatu hadi yawe kitu kimoja. Usijaribu kutumia maji kama mbebaji. Mafuta ya kunukia hayachanganyiki na maji, yatajikusanya mahali pamoja, na punje zilizoloa zitaota ukungu kabla wiki haijaisha.

Vaa glavu na ujiepushe na kugusa macho, maana karafuu na mdalasini vinawasha vibaya. Fanya kazi kivulini, mahali penye hewa. Weka theluthi moja ya punje katika ndoo kubwa yenye mfuniko, nyunyiza theluthi ya mchanganyiko wako kwa bomba la kupulizia lililo safi, funga, kisha ilaze ndoo na kuiviringisha chini huku na huko kwa dakika tano. Bomba hilo lisiwe limewahi kubeba dawa ya mikorosho au ya mboga, hata kama limeoshwa mara saba. Rudia kwa theluthi mbili zilizobaki. Acha punje zikae nusu saa ndani ya ndoo iliyofungwa ili mafuta yazame, kisha chukua punje chache kutoka juu, katikati na chini, uzinuse. Harufu ikiwa kali upande mmoja na hafifu upande mwingine, viringisha tena.

Chakula kilichopakwa kikae katika ndoo iliyofungwa vizuri, kivulini, na kiishe ndani ya siku 7. Kupaka chakula cha mwezi mzima kunaokoa muda wa mfugaji, lakini kunaipa hewa sehemu ya mafuta aliyoyanunua.

Hatua ya tano: linganisha

Mfugaji akitumia mafuta katika bwawa zima na samaki wakakua vizuri, hajui kama ni mafuta, ni joto la msimu, au ni vifaranga bora. Wakishindwa kukua vilevile hajui. Njia rahisi ya kujua ni kuweka katika bwawa moja vizimba vidogo vya wavu, ambavyo wataalamu huviita kwa jina la “hapa”, vyenye ukubwa unaolingana. Viwe vinne kama inawezekana: viwili vya chakula chenye mafuta ya kunukia na viwili vya chakula kisicho nayo, kwa maana kizimba kimoja kimoja chaweza kukudanganya kwa bahati tu.

Wavu huo usiwe chandarua cha mbu chenye dawa. Dawa iliyomo katika vyandarua hivyo, ambayo kwetu wanadamu haina madhara makubwa, ni sumu kali kwa samaki, na chandarua kilichotumika miaka miwili bado kinayo. Nunua wavu usio na dawa hata kama ni ghali.

Weka samaki 40 katika kila kizimba, wenye ukubwa unaokaribiana, waliotoka katika kundi moja. Wape siku tano wazoee. Vizimba visivyo na mafuta ya kunukia navyo vipewe punje zilizopakwa mafuta ya alizeti pekee kwa kiasi kile kile, ama sivyo utakuwa unapima faida ya alizeti huku ukiisifu mchaichai. Lisha kwa saa zile zile, mara mbili au tatu kwa siku, na andika kila gramu uliyoitia. Samaki wakibakiza chakula baada ya dakika 15, punguza, usiendelee kumwaga kwa kuwa kitabu kimesema asilimia 3.

Katika siku tatu za kwanza perege wengine husitasita kwa sababu ya harufu mpya. Hilo ni la kawaida na hupita. Wakiendelea kutema baada ya siku hizo, kipimo chako ni kikubwa. Kishushe hadi robo gramu kwa kilo.

Pima uzito kila baada ya wiki mbili, asubuhi na mapema, ukitumia ndoo ya maji iliyokwisha kupimwa uzito wake, na usiwalishe asubuhi hiyo kabla ya kuwapima. Endelea kwa wiki 8. Kwa ukanda wetu ni vizuri jaribio lisianze Juni wala Julai, wakati upepo wa kusi unapopoza maji na samaki wakapunguza kula, hasa kwa mabwawa ya juu kuelekea Newala. Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijachafua maji, ni wakati mzuri zaidi.

Hatua ya sita: piga hesabu

Gawanya kilo za chakula ulichotoa kwa kilo za uzito ulioongezeka. Tuseme samaki wa vizimba vyenye mafuta waliongezeka kilo 2.6 kwa kula kilo 4.42, uwiano wao ni 1.7. Wenzao waliongezeka kilo 2.4 kwa kula kilo 4.32, uwiano wao ni 1.8. Kwa macho mafuta yameshinda. Sasa tuseme kilo ya chakula ni shilingi 2,000, na kukipaka kunaongeza shilingi 100. Kilo ya perege asiyepewa mafuta imekugharimu chakula cha shilingi 3,600, na ya aliyepewa imekugharimu shilingi 3,570. Umeokoa shilingi 30 kwa kilo, kabla ya kuhesabu muda wako wa kuviringisha ndoo. Badilisha bei hizo kwa bei zako halisi, maana anayekeneka mchaichai wake na anayenunua chupa mjini hawana hesabu moja.

Hesabu ya pili ni ya vifo. Andika kila samaki aliyekufa na siku yake. Binafsi nimeona thamani ya mafuta haya zaidi upande huo kuliko upande wa ukuaji, hasa katika wiki za kwanza baada ya kupandikiza vifaranga, wakati wamechoshwa na safari na ngozi zao zina michubuko. Siku hizi nayatumia katika wiki sita za mwanzo tu, kisha naacha hadi pawe na sababu.

Samaki wakianza kufa kwa makundi, wakiwa na vidonda, macho yaliyotokeza au wakizunguka kama waliolewa, acha majaribio na umwite afisa uvuvi wa wilaya. Mafuta ya kunukia ni kinga ya pembeni, hayatibu mlipuko. Kwa ushauri wa vifaranga na ulishaji, walio upande wa Lindi wanavyo vituo vya serikali vya ukuzaji viumbe maji vya Machole na Nyengedi, na walio Mtwara wako karibu na kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi iliyopo Mikindani. Nenda na daftari lako la vipimo, kwa kuwa swali lenye takwimu hujibiwa vizuri zaidi kuliko lalamiko.

Kabla ya kuvuna

Wiki moja kabla ya kuvuna narudi kwenye punje zisizopakwa chochote. Mafuta ya kunukia yaweza kubaki ndani ya minofu yenye mafuta, na mteja wa Mtama anayekuja na ndoo yake saa moja asubuhi anataka samaki anayenuka samaki. Chupa iliyobaki ifungwe, iandikwe tarehe, na ikae mahali pa baridi pasipo mwanga. Ikianza kunukia kama rangi ya kupakia nyumba, imekwisha muda wake hata kama imejaa.